Wilamowitz, yule aliyemchana Nietzsche

Kama upo mitandaoni lazima umeshakutana na nukuu za Friedrich Nietzsche, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, nyingine kweli kaandika yeye na nyingine kasingiziwa tu. Hamna anayeweka status ya Ulrich von Wilamowitz-Moellendorff, Mjerumani mwenzake, bingwa wa Kigiriki cha kale, na sidhani kama hilo jina hata linaenea. Lakini kuna wakati, na si kipindi kifupi, ukimtaja Wilamowitz mbele ya mtu yeyote anayesoma Kigiriki cha kale, iwe Berlin, Oxford au Roma, watu wanakaa vizuri kwenye viti, na ukimtaja Nietzsche wanacheka. Leo kibao kimegeuka kabisa.

Mi nilianza kumfuatilia huyu mzee kwa sababu ya ule ugomvi wake na Nietzsche, kama watu wengi, kwa sababu ugomvi ni mtamu. Ila kadiri unavyomsoma unaona ugomvi wenyewe ni kipande kidogo, kuna kitu kingine ambacho kinanisumbua zaidi. Huyu mtu maisha yake yote alifundisha watu wasikubali maandishi yoyote hivihivi tu, kwanza ujue yametoka wapi, nani aliyanakili, alinakili kutoka kwa nani, alichoka wapi akaruka mstari. Alafu Oktoba 1914 akaweka jina lake kwenye karatasi ambayo mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza angeirudisha na alama nyekundu. Nitafika huko, ila lazima tuanzie nyuma.

Alizaliwa 22 Desemba 1848 kwenye shamba la familia, Markowitz, mkoa wa Posen, siku hizo Prussia, leo ni Markowice nchini Poland. Familia yao ni wale makabaila wenye mashamba ambao Wajerumani wanawaita Junker, yaani watu wa farasi, jeshi na mfalme. Wanakijiji wengi waliowazunguka walikuwa Wapolandi. Mtoto wa kiume wa nyumba kama ile anategemewa awe ofisa wa jeshi au asimamie shamba, sio kwenda kukaa na kamusi. Ule ukabaila haukumtoka mpaka anakufa, kila mara utauona unachungulia, kwenye namna anavyoandika kwa kujiamini kupita kiasi, kwenye namna alivyompenda mfalme wa Prussia hata baada ya mfalme kukimbia, na kwenye namna alivyoikataa jamhuri iliyokuja baadaye.

Mwaka 1862 akapelekwa Schulpforta, shule ya bweni karibu na Naumburg, kwenye majengo yaliyokuwa monasteri ya zamani. Ile shule ilikuwa Kilatini na Kigiriki asubuhi mpaka jioni, nidhamu ya kijeshi, na watoto waliotoka pale walikuwa wanaandika Kilatini kama sisi tunavyoandika meseji. Nietzsche alikuwepo palepale, amemtangulia kwa miaka 4, akamaliza 1864. Kwa hiyo miaka 2 walikuwa shule moja, mmoja mkubwa anayesifiwa, mwingine mdogo anayetazama. Weka hilo akilini.

Wilamowitz alimaliza 1867 akaenda chuo Bonn. Bonn wakati huo ilikuwa imetoka kwenye vita vya maprofesa, Otto Jahn na Friedrich Ritschl, watu wawili wakubwa wa idara moja waliogombana mpaka serikali ikaingia kati, na 1865 Ritschl akafunga virago akahamia Leipzig. Nietzsche alikuwa mwanafunzi wa Ritschl, akamfuata hukohuko. Wilamowitz yeye akawa mwanafunzi wa Jahn, akampenda sana. Jahn alikufa 1869. Mwaka huohuo Ritschl akampigia debe Nietzsche akapata kiti cha uprofesa Basel, Uswisi, akiwa na miaka 24 na bila hata kuwa na udaktari. Wilamowitz yeye akahamia Berlin, akapata udaktari wake 1870 kwa njia ya kawaida, akaenda vitani dhidi ya Ufaransa kama askari wa kujitolea, akarudi salama.

Sasa Januari 1872 Nietzsche akatoa kitabu chake cha kwanza, kile cha kuzaliwa kwa tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, kwamba tanzia ya Kigiriki ilitoka kwenye muziki na ulevi wa mungu Dionysos, kwamba Euripides na Socrates ndo walioiua, na kwamba sasa mtunzi wa muziki Richard Wagner anaifufua. Ndani yake kuna kijembe kwa Otto Jahn, marehemu, mwalimu wa Wilamowitz. Kijana akasoma, damu ikachemka, na kabla mwaka haujafika nusu akatoa kijitabu cha kurasa 30 na kitu, Zukunftsphilologie!, yaani filolojia (elimu ya lugha na maandishi ya kale) ya mambo yajayo, akimbeza kwa ule msemo wa wakati huo kuhusu muziki wa Wagner kuwa ni muziki wa mambo yajayo. Ana miaka 23, hana kazi, anamshambulia profesa.

Na anamshambulia kwelikweli. Anachukua ukurasa kwa ukurasa anaonyesha hapa umekosea tarehe, hapa hujamsoma Homer, hapa Euripides umemsingizia, hapa umeficha ushahidi unaokupinga. Mwishoni anamwambia Nietzsche kama anataka kuwa nabii wa Dionysos basi ashuke kwenye kiti cha uprofesa, akusanye chui na simbamarara magotini pake, ila asikusanye vijana wa Ujerumani wanaosoma filolojia. Ni matusi ya kisomi ya hali ya juu, nikiri nilicheka.

Wakajibizana. Erwin Rohde, rafiki wa Nietzsche, akajibu kwa kijitabu chenye jina la kejeli zaidi, Wagner mwenyewe akaandika barua ya wazi gazetini, Wilamowitz akarudi tena 1873 na sehemu ya pili. Nietzsche mwenyewe hakujibu hadharani. Ila maumivu aliyapata: muhula uliofuata pale Basel alibaki na wasikilizaji wawili, na hamna hata mmoja aliyekuwa wa filolojia.

Nani alikuwa sahihi? Watu wa Nietzsche wanasema kijana hakuelewa chochote, watu wa Kigiriki wanasema ukweli ni ukweli. Mi naona wote wawili walikuwa sahihi kwenye swali lao, shida ni kwamba hayakuwa swali moja. Wilamowitz aliuliza je hiki ulichosema kuhusu Wagiriki kina ushahidi, na jibu kwa sehemu kubwa ni hapana. Nietzsche alikuwa anauliza kwa nini watu wenye akili na furaha kama wale walihitaji kukaa siku nzima kutazama mateso jukwaani, na hilo swali kijana wa miaka 23 hakuligusa kabisa, hata sijui kama alilisikia. Uzeeni, kwenye kumbukumbu zake alizotoa 1928, Wilamowitz alilirudia suala lile kwa ukatili wa kitajiri: akasema Nietzsche hatimaye alifanya kile alichomwambia, aliacha kufundisha na sayansi, akawa nabii wa dini isiyo dini na falsafa isiyo falsafa. Yaani miaka zaidi ya 50 imepita, mwenzio kashakuwa mgonjwa wa akili, kashakufa, kashakuwa maarufu dunia nzima, na bado unadai ushindi.

Basi tuachane na ugomvi, twende kwenye kazi, kwa sababu kazi ndo iliyomfanya awe yeye.

Baada ya vita alizunguka Italia na Ugiriki, 1872 mpaka 1874, akikaa maktaba akilinganisha nakala za mkono. Huko Italia ndo akawa karibu na Theodor Mommsen, bingwa wa historia ya Roma, yule aliyekuja kupata Nobel ya fasihi 1902. Mzee alimkubali. 1876 Wilamowitz akawa profesa Greifswald, mji mdogo wa pwani ya Baltiki, na 1878 akamuoa Marie, binti mkubwa wa Mommsen, katika familia ya watoto 16. Kwa hiyo bingwa wa Kigiriki akawa mkwe wa bingwa wa Kilatini, na ukisoma barua zao unaona wanaandikiana kuhusu maandishi ya kwenye mawe na hali ya watoto kwenye aya moja. 1883 akahamia Göttingen. 1897 Berlin, akakaa mpaka alipostaafu 1921.

Sasa alichokuwa anafanya hasa ni nini. Chukua Euripides, mwandishi wa tamthilia wa Athene. Zimebaki tamthilia 19 kwa jina lake, na moja kati ya hizo wengi wanaamini si yake. Kumi kati yake zimebaki kwa sababu walimu wa zamani walizichagua zisomwe shuleni, kwa hiyo zilinakiliwa sana. Tisa nyingine hazikuchaguliwa na mtu yeyote, na ukizipanga majina yake kwa Kigiriki unagundua yote yanaangukia kwenye kipande kimoja cha alfabeti, kuanzia herufi E mpaka K. Maana yake ni kwamba mahali fulani palikuwa na Euripides mzima amepangwa kwa alfabeti, kila kitu kikapotea, kikapona kipande kimoja kwa bahati, mtu akakinakili, na leo tunategemea kimsingi nakala moja ya mkono iliyopo Florence. Herakles ni mojawapo ya hizo za bahati. Na ndo tamthilia aliyoichagua Wilamowitz kwa kazi yake kubwa ya 1889.

Kwenye ile kazi kuna matini, tafsiri, maelezo mstari kwa mstari, ila kabla ya yote kuna utangulizi mrefu ambao wengine wanaona ni muhimu kuliko vyote, anaeleza tanzia ni nini, Euripides aliishi vipi, alafu anafuata safari ya yale maandishi kutoka Athene mpaka Aleksandria mpaka Konstantinopoli, nani aliyatunza, nani aliyafupisha, makosa gani yaliingia karne gani. Wanaofahamu tenzi zetu zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu wataelewa haraka: nakala ya Lamu inasema hivi, ya Pate inasema vile, ubeti mmoja umeongezwa na mnakili, na ukitaka kujua mshairi alisema nini huwezi kuchukua nakala inayokupendeza, lazima ujue ipi ni mama na ipi ni mtoto. Hiyo ndo ilikuwa kazi ya Wilamowitz, ila hakuishia kwenye herufi. Kwake yeye ukitaka kuelewa mstari mmoja wa Euripides unahitaji sarufi, mizani ya shairi, ibada za Herakles kijiji kwa kijiji, jiografia, sheria ya Athene, picha za kwenye vyungu, mawe. Hamna kugawana vyumba. Wenzake wengi walikuwa mabingwa wa kitu kimoja, yeye alitaka vyote, na cha kukera ni kwamba karibu aliviweza.

Mawe, kwa mfano. Kuanzia 1902 alikuwa msimamizi wa mradi wa Akademia ya Berlin wa kukusanya maandishi yote ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye mawe, Inscriptiones Graecae. Jiwe la tani nzima liko ukutani mwa kanisa kisiwani, huwezi kulisafirisha, picha za wakati ule hazisomeki vizuri. Unachofanya unachukua karatasi nzito, unailoweka, unailaza juu ya jiwe, unaipigapiga kwa brashi mpaka inaingia kwenye kila herufi, unaiacha ikauke, ukiibandua unabaki na jiwe la karatasi, jepesi, unalikunja unalipeleka Berlin, na mtu anakaa nalo dirishani jioni mwanga ukija kwa upande anasoma kodi ambayo kijiji kililipa miaka 2,300 iliyopita. Mkwe wake mwingine, Friedrich Hiller von Gaertringen, mume wa binti yake Dorothea, alifanya hizo kazi maisha yake yote na ndo aliyechimba mji wa kale wa Thera, kisiwa ambacho leo watalii wanakiita Santorini.

Alafu kuna mafunjo, yale makaratasi ya kale yaliyotengenezwa kwa matete ya Misri. Miaka ile Misri ilikuwa inatema vitabu kutoka mchangani na kila baada ya muda mfupi dunia ya wasomi inapata mshtuko. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha 1891, British Museum ilipotangaza kwamba imepata Katiba ya Waathene, kitabu cha shule ya Aristotle kilichokuwa kimepotea kwa karne nyingi. Kilikuwa kwenye magombo manne, na upande wa mbele wa hayo magombo kulikuwa na hesabu za shamba, za kama mwaka 78 baada ya Kristo, msimamizi anaandika mapato na matumizi, nani kalipwa, kipi kimenunuliwa. Karatasi ilikuwa ghali, hesabu zilipopitwa na wakati mtu akageuza upande wa nyuma, na hapo watu wanne tofauti, unaona miandiko minne, wakanakili historia ya demokrasia ya Athene. Yaani tumeipata katiba ya Athene kwa sababu kuna mtu alikuwa anabana matumizi.

Mwingereza Frederic Kenyon aliitoa Januari. Kabla mwaka haujaisha Wilamowitz na rafiki yake Georg Kaibel walishatoa toleo lao, wamesahihisha mistari kibao, na 1893 Wilamowitz akashusha vitabu viwili vinene, Aristoteles und Athen, akitetea kwamba ni Aristotle mwenyewe aliyeandika na kuonyesha Aristotle alipata wapi habari zake na wapi alidanganywa. Unaona tena lile swali lake, umepata wapi. Hata Aristotle hakuachwa apite bila kukaguliwa. Na 1903 akatoa shairi la Timotheos kutoka kwenye funjo lililokutwa kaburini Abusir mwaka mmoja kabla, mojawapo ya vitabu vya Kigiriki vya zamani kabisa ambavyo mtu anaweza kuvigusa kwa mkono.

Berlin alikuwa nyota. Mihadhara yake ya jioni ya wazi walikuja watu wa kila aina, sio wanafunzi tu. Tafsiri zake za tamthilia ziliigizwa jukwaani. Aliandika kitabu cha kusomea Kigiriki mashuleni, 1902, akaweka ndani yake madaktari, wahandisi na watu wa hesabu, siyo washairi peke yao, kwa sababu alichoka na walimu wanaowafanya Wagiriki kuwa masanamu meupe yasiyo na jasho.

Na hapa niingize kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vinavyomhusu, kwa sababu sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna haki ya kukiona. Chini ya chuo kikuu hichohicho cha Berlin kulikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki, ilifunguliwa 1887, na Kiswahili kilikuwa kinafundishwa pale kwa ajili ya maofisa wa kwenda Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kuanzia 1900 mmoja wa walimu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yuleyule ambaye maandishi yake yapo kwenye Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten 1903. Kwa hiyo miaka ileile Wilamowitz anajaza ukumbi kwa kuwafufua Wagiriki, mji uleule kuna Mswahili anaandika lugha na mila zilizo hai, na wanafunzi wa Kijerumani wanakataa kuamrishwa na mwalimu mweusi, mpaka 1905 akaacha kazi. Mwaka huohuo alijaribu kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani, gavana akazuia mke asishuke Dar es Salaam, wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin 1927. Sisemi Wilamowitz alimjua, wala simlaumu kwa ya Seminari. Ila ukisikia watu wanasema Berlin ya wakati ule ilijali kila lugha na kila maandishi ya binadamu, ujue kulikuwa na matabaka.

Tuendelee. 1908 alialikwa Oxford, akatoa mihadhara miwili, Gilbert Murray, msomi wa Kigiriki wa hukohuko, akamtafsiria kwa Kiingereza. Kwenye ule wa uandishi wa historia kuna maneno yake ambayo mpaka leo yananukuliwa na kila mtu wa fani. Alikumbusha jinsi Odysseus alivyoenda kuzimu kuongea na wafu, na wafu hawakuweza kusema mpaka wanywe damu. Akasema na sisi vilevile, mizimu tunayoiita inataka damu ya mioyo yetu, na tunaitoa kwa furaha. Wengi wananukuu mpaka hapo kwa sababu panapendeza. Lakini yeye aliendelea: mizimu ikishajibu, ujue kuna kitu chetu kimeingia ndani yake, kitu kigeni, na hicho lazima kitolewe, kitolewe kwa jina la ukweli.

Hicho kipande cha pili ndo Wilamowitz mwenyewe hasa. Penda unavyotaka, lakini baada ya kupenda rudi ukague, utoe kilicho chako.

Miaka 6 baadaye vita ikaanza. Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliingia Ubelgiji, nchi iliyokuwa haina upande, na mji wa Louvain ukachomwa, raia wakauawa, maktaba ya chuo kikuu ikaungua na vitabu vyake kwa maelfu na nakala za mkono za karne za kati. Dunia ikapiga kelele. 4 Oktoba wasomi na wasanii 93 wa Ujerumani wakatoa ilani kwa ulimwengu uliostaarabika. Majina makubwa: Max Planck, Röntgen wa eksirei, Paul Ehrlich, Fritz Haber. Na Wilamowitz.

Ile ilani ina aya sita zinazoanza na maneno yaleyale: si kweli. Si kweli kwamba Ujerumani ndo imesababisha vita. Si kweli kwamba tumeivamia Ubelgiji kwa uonevu. Si kweli kwamba askari wetu wamemgusa raia hata mmoja bila sababu ya kujilinda. Si kweli kwamba wameutendea Louvain ukatili. Kuhusu Louvain wanasema wenyeji ndo walioanza kwa hila, sehemu tu ya mji ilibidi ichomwe kwa moyo mzito, na ukumbi maarufu wa mji umesalimika, askari wetu wameuokoa. Maktaba haitajwi kabisa.

Soma hiyo tena ukikumbuka ni nani kasaini. Mtu aliyehangaika miaka 40 na nakala moja ya Florence iliyookoa tamthilia tisa, anajua kuliko mtu yeyote nakala za mkono zikiungua maana yake ni nini. Mtu aliyemuuliza Nietzsche, aliyemuuliza Aristotle, umepata wapi? Hapa hakuuliza. Baadhi ya waliosaini walikuja kusema baadaye hawakuwa hata wameyaona maneno yenyewe, waliombwa jina wakalitoa. Sioni kama hiyo inapunguza chochote, kwa mtu wa maandishi inaongeza.

Na hakuishia hapo. Mwezi huohuo likatoka tamko lingine la walimu wa vyuo vikuu vya Ujerumani, zaidi ya majina 3,000, ambalo yeye ndo aliliandaa, linalosema hakuna tofauti kati ya roho ya sayansi ya Kijerumani na roho ya jeshi, ni kitu kimoja. Kuanzia 1915 akawa mkuu wa chuo kikuu cha Berlin, akihutubia umma kuhusu vita. Wafaransa wakamfuta kwenye akademia yao. Tuwe wa haki pia, Murray aliyemtafsiria Oxford naye alikuwa ameshasaini tamko la waandishi wa Uingereza Septemba, na akaandika kutetea serikali yake. Ila tamko la Murray halikusema mji uliochomwa haukuchomwa vibaya.

Oktoba hiyohiyo, kama siku kumi tu baada ya ile ilani, mtoto wake Tycho akauawa kwenye mapigano na Warusi karibu na Iwangorod, kwenye mto Vistula. Alikuwa hajafika hata miaka 30. Tycho naye alikuwa mtu wa Kigiriki, na alikuwa anaandika kitabu kuhusu ufundi wa Sophocles jukwaani, chenye hoja ya kuthubutu kwamba Sophocles hajengi wahusika wenye tabia isiyobadilika, anajenga tukio moja moja liwapige watazamaji, hata kama halilingani na lililopita. Hoja hiyo ilikuwa inapingana na namna baba yake alivyowasoma washairi. Kitabu kilitoka 1917, na sura ya tamthilia ya mwisho ya Sophocles, ile ya Oedipus mzee anayekwenda kufa Kolonos, ilikuwa haipo, akaiandika baba. Kitabu cha Tycho bado kinasomwa. Kuna watu wanakiona kina maisha marefu kuliko vitabu kadhaa vya mzee, na kwa Sophocles nakubaliana nao.

Yeye alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Kitabu cha Iliad 1916, Plato juzuu mbili 1919, mizani ya mashairi 1921, Pindar 1922, ushairi wa enzi za Aleksandria 1924, kumbukumbu 1928. Kumbukumbu zinaishia 1914, kwa makusudi, hakutaka kuandika yaliyofuata. Alikuwa kwenye juzuu ya pili ya kitabu cha imani za Wagiriki alipofariki Berlin, 25 Septemba 1931, akazikwa Markowitz, ambako tayari kulikuwa Poland. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye Hitler akachukua nchi.

Kilichofuata kinawahusu wanafunzi wake. Werner Jaeger, aliyerithi kiti chake 1921 akiwa na miaka 33, aliondoka 1936 kwenda Marekani, mke wake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Paul Friedländer, Myahudi, aliyepigana vita vya kwanza upande wa Ujerumani, alitiwa kambi ya Sachsenhausen 1938 kabla ya kufanikiwa kuvuka kwenda Marekani. Eduard Fraenkel alifukuzwa kazi Freiburg 1933, akapata kiti Oxford 1935, na semina yake ya kusoma Agamemnon mstari kwa mstari, kwa mtindo ule wa Berlin, iliwatoa jasho Waingereza kwa miaka na ikazaa maelezo ya juzuu tatu, 1950. Felix Jacoby, aliyekuwa anakusanya vipande vyote vilivyobaki vya wanahistoria wa Kigiriki waliopotea, mradi aliouanza kuuchapa 1923, alifika Oxford 1939 na kuuendeleza Christ Church. Paul Maas, aliyeandika kijitabu chembamba kuliko vyote kuhusu namna ya kujua nakala ipi ni mama, alitoroka Königsberg mwaka huohuo siku chache kabla ya vita, na Oxford wakampa kazi ya kushauri na kusoma prufu za matoleo ya Kigiriki kwenye matbaa ya chuo. Mmoja wa waliohangaika kuwatafutia nafasi alikuwa Gilbert Murray.